Dana Bado Anauliza: Walipata Nini?

Dana yangu wa Karungu ana mkebe wa majani chai ambao haufunguliwi ovyo. Ndani kuna kitambulisho chake, kadi ya kliniki, picha ya marehemu babu, na kijikaratasi kigumu chenye namba. Namba tu. Hakuna jina wala simu.

Kijikaratasi hicho alipewa miaka mingi iliyopita na vijana waliokuja na gari jeupe. Walimtoboa kidole, wakamuuliza maswali kuanzia saa nne mpaka saa sita, wakampa mche wa sabuni na kilo moja ya sukari, kisha wakasema, "Dana, tutarudi na majibu."

Hawajarudi.

Sasa kwa vile mimi ndiye mtu wa intaneti nyumbani, kila nikienda kumsalimia ananiletea ule mkebe. "Nyakwara, hebu niangalizie kwa simu yako. Walipata nini?" Nimetafuta, wadau. Namba ile haifunguki popote. Sijui hata ni utafiti gani. Nilimwambia hivyo, akanyamaza kidogo, halafu akasema kitu ambacho kimekataa kunitoka kichwani: "Kama damu yangu ilikuwa na kitu, si wangeniambia?"

Nataka tuongee kuhusu pesa za utafiti, na nani anaamua utafiti upi umefanya vizuri ndio uongezewe pesa. Najua mnasema hayo ni mambo ya maprofesa. Ngoja kwanza. Ukiishi Homa Bay au Migori, hayo mambo ni yako kuliko unavyofikiri, kwa sababu sisi ndio tunaopimwa.

Angalia tu. Utafiti wa kitaifa wa ukimwi wa 2018 ulikuta Homa Bay ikiongoza Kenya nzima kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wenye virusi. Migori ilikuwa asilimia 13. Malaria ndiyo hiyo, haijatuacha. Kichocho kiko ziwani. Kayongo iko shambani. Ugonjwa ukiwa mwingi mahali, watafiti nao wanakuwa wengi. Hilo si baya. Wapi pengine waende? Shida yangu ni kwamba kazi ikiisha, anayeulizwa kama ilifaulu si Dana. Anayeulizwa ni jarida.

Wacha nieleze jinsi mambo yanavyoenda. Mtafiti akimaliza kazi anaandika makala. Makala inasomwa na wataalamu wenzake, ikipita inachapishwa kwenye jarida la kisayansi. Baadaye wanahesabu: ana makala ngapi, zimenukuliwa mara ngapi na wengine, na jarida lenyewe lina jina kubwa kiasi gani. Vyuo vyetu vikuu hapa Kenya vinampandisha mhadhiri cheo kwa alama, na makala zina uzito mkubwa kwenye hizo alama. Akiomba pesa tena, mfadhili anatazama orodha hiyo hiyo.

Sidharau makala. Hiyo kazi ya wenzako kukusoma na kukukosoa kabla hujatangaza kitu ndiyo inayotenganisha sayansi na porojo za mwuza dawa wa stendi. Lakini kuhesabu makala ni jambo lingine. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alisema mwaka 1975 jambo ambalo watu wamelifupisha hivi: kipimo kikishageuzwa lengo, kinaacha kuwa kipimo kizuri. Sisi tunalijua hilo bila kusoma uchumi. Shule ikiambiwa itasifiwa kwa wastani wa KCSE, inaanza kufukuza watoto wanyonge kabla ya mtihani. Wastani unapanda, elimu haijapanda. Na mtafiti ukimwambia atapimwa kwa idadi ya makala, kazi moja ataikatakata vipande vitano, kila kipande makala. Wengine wanalipia majarida ya mkato yanayochapisha chochote.

Wanasayansi wenyewe wamelalamikia jambo hili. Mwaka 2012 kundi lao lilikutana San Francisco likaandika azimio la kusema mtafiti asihukumiwe kwa umaarufu wa jarida alimochapisha. Uingereza, ambayo tangu 1986 inapima utafiti wa vyuo vyake ili kugawa pesa, ilipofika 2014 iliongeza kipimo kipya: utafiti wako umebadilisha nini nje ya chuo? Kikapewa asilimia 20 ya alama, na mwaka 2021 kikapandishwa hadi 25. Kwa hivyo ninachodai hapa si ndoto ya kijana wa Karungu.

Lakini sasa tukisema "tupime kwa faida kwa wananchi", kuna shimo lingine mbele yetu, na nataka tuliangalie kabla ya kupiga makofi.

Nenda Mbita. Pale kuna kituo cha icipe chenye jina la Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya aliyeanzisha taasisi hiyo mwaka 1970 ili kuchunguza wadudu. Miaka ya 1990, watafiti wa icipe na wenzao wa KARI na wa Rothamsted kule Uingereza walikuwa wanatafuta dawa ya funza anayetoboa shina la mahindi. Wakajaribu kupanda mimea ambayo harufu yake inamfukuza nondo wa huyo funza katikati ya mahindi, na nyasi za nepia pembeni zinazomvuta. Ndiyo maana wanaiita sukuma-vuta. Mmea mmoja waliopanda katikati ni desmodiamu. Kumbe huo mmea ulikuwa na siri nyingine. Pale ulipopandwa, kayongo ilipungua sana. Hawakuwa wanatafuta hilo! Baadaye wakagundua mizizi yake inatoa kemikali inayofanya mbegu za kayongo ziote lakini zishindwe kushika mizizi ya mahindi.

Mtu yeyote aliyewahi kulima Ndhiwa au Suba anajua kayongo inavyoweza kukuachia mabua matupu. Na hilo jibu lilitoka kwa watu waliokuwa wanachunguza harufu za wadudu. Sasa fikiria mwaka wa pili wa ile kazi ungekuja na fomu yako ya "faida kwa mwananchi". Ungekuta watu wananusanusa nyasi. Ungewafungia pesa.

Chanjo ya malaria ni hivyo hivyo. Tarehe 13 Septemba 2019 Kenya ilianza kuitoa kwa majaribio, na uzinduzi ulikuwa hapa kwetu Homa Bay, Ndhiwa. Migori pia ilikuwa kwenye kaunti nane zilizochaguliwa. Lakini ile chanjo, RTS,S, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1987. Miaka 32! Tena kwenye majaribio makubwa ya mwanzo haikuwa na namba za kushangaza: watoto waliopata dozi nne waliugua malaria pungufu kwa takribani thuluthi moja. Mtu mwenye haraka angesema hiyo ni nini. Ila Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021, na baada ya miaka ya kufuatilia watoto Kenya, Ghana na Malawi, ikaonekana vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vimepungua kwa asilimia 13. Asilimia 13 ya vifo ni watoto wa majirani zetu wanaoenda shule saa hii.

Kwa hivyo mtu akiniambia "tulipie tu utafiti unaoleta faida ya haraka", namwambia hapana. Utafiti mwingine ni kama mti wa mwembe, aliyeupanda huenda asile embe.

Na kuna shimo la pili. Tunapenda utafiti ulio-"faulu". Hebu sikieni hii ya SEARCH.

Kati ya 2013 na 2017 watafiti wa KEMRI, Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walifanya kazi katika jamii 32 za mashambani, 20 Uganda na 12 hapa kwetu Nyanza. Watu zaidi ya 320,000. Nusu ya jamii zilipata kampeni ya kupimwa ukimwi na magonjwa mengine kila mwaka, na kila aliyekutwa na virusi akaanzishiwa dawa mara moja. Nusu nyingine walipimwa mwanzoni, kisha wakatibiwa kwa mwongozo wa nchi. Swali: je, maambukizi mapya yatapungua zaidi kwenye kundi la kwanza?

Jibu lilipotoka 2019, tofauti ilikuwa ndogo mno. Asilimia 0.77 upande mmoja, 0.81 upande wa pili, kwa miaka mitatu. Kwa lugha ya mtaani, "ilifeli".

Lakini soma vizuri. Kundi la pili nalo lilikuwa limepimwa mwanzoni, na katikati ya safari miongozo ya nchi ikabadilika, kila mwenye virusi akaruhusiwa dawa. Yaani lile kundi la kulinganisha nalo lilikuwa limepata sehemu kubwa ya msaada. Na mle mle kwenye takwimu: vifo vya watu wenye virusi vilikuwa chini kwa asilimia 23 kwenye kundi la kwanza, na kifua kikuu miongoni mwao kilipungua. Watafiti waliandika yote, pamoja na lile jibu ambalo hawakulitarajia. Mimi kwangu hiyo ni kazi iliyofaulu. Mtafiti aliyesema "hapana" kwa uaminifu apewe heshima sawa na aliyesema "ndiyo". Ukimnyima pesa kwa sababu jibu lake halikupendeza, umemfundisha mwenzake adanganye.

Sasa turudi kwenye mkebe wa Dana. Kama kuhesabu makala ni kosa, kudai faida ya haraka ni kosa, na kudai jibu zuri ni kosa, tupime nini?

Kwanza, turudi baada ya pesa kuisha. Ukivuka daraja la Mbita uko Rusinga. Pale kati ya 2012 na 2015, icipe, Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi na taasisi ya Uswisi ya magonjwa ya tropiki waliweka mitego ya mbu inayotumia umeme wa jua kwenye nyumba zaidi ya 4,000. Mtego una harufu ya kumdanganya mbu adhani ni binadamu. Na ule umeme wa jua ukawapa watu taa na chaji ya simu. Matokeo yalichapishwa 2016 kwenye jarida la Lancet: malaria ilikuwa chini kwa takribani asilimia 30 kwenye maeneo yenye mitego kuliko yale ambayo mitego ilikuwa bado haijafika. Kazi safi kabisa, na jarida kubwa kabisa. Kwa kipimo cha kawaida, alama zote zimeshajaa, faili imefungwa. Lakini swali la mtu wa Rusinga linaanzia pale pale faili inapofungwa. Betri ikifa, nani ananunua nyingine? Ile harufu ikiisha, inauzwa duka gani? Mfadhili hulipia utafiti uanze na uishe. Ni nadra alipie mtu arudi baada ya miaka mitano na kumi, ahesabu mitego inayofanya kazi na aulize kwa nini mingine haifanyi. Pesa ya kurudi iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Pili, tuangalie swali lilikuwa la nani. Kuanzia 2006 Chuo Kikuu cha Maseno, kwa pesa za shirika la IDRC la Kanada, kilijaribu mianzi kama zao la kuchukua nafasi ya tumbaku Migori, Kuria, Homa Bay na Suba. Mianzi ikastawi. Swali la "itaota?" lilijibiwa. Lakini mkulima wa tumbaku, kampuni inamletea mbegu na mbolea kwa mkopo, na mwisho wa msimu inanunua. Yeye swali lake la kwanza ni "nani atanunua?" Miaka ya karibuni mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali yetu walipokuja Migori na maharagwe yenye madini ya chuma, walikuja na mnunuzi mkononi, Mpango wa Chakula Duniani. Hapo unaona mtu amemsikiliza mkulima kabla ya kuandika. Kwa hivyo kwenye meza ya kugawa pesa, awepo mkulima, awepo mhudumu wa afya ya jamii, awepo mvuvi. Wasiulizwe habari za kemia. Waulizwe wanachokijua: hili swali lina maana huku?

Tatu, na hili ndilo langu hasa: majibu yarudi. Tayari masharti ya leseni ya NACOSTI yanamtaka mtafiti amjulishe gavana kabla hajaanza, na akimaliza apeleke ripoti kwao. Sawa. Ripoti imefika Nairobi. Karungu je? Mimi ningesema sehemu ya mwisho ya pesa isitolewe mpaka matokeo yamesomwa kwenye baraza, kwa Dholuo, kwa Kikuria, kwa Kiswahili, na karatasi moja ikabaki kwa chifu na kwenye zahanati.

Najua mtakachosema, kwa sababu na mimi nimekaa kwenye mabaraza. Watu watakuja, watanunuliwa soda, watatia sahihi kwenye orodha, picha zitapigwa, na orodha itakuwa ushahidi kwamba "jamii ilirudishiwa matokeo". Kweli kabisa. Hiyo ni ile ile ya Goodhart ikivaa sandak za Karungu. Ndiyo maana usihesabu sahihi. Baada ya miezi sita tuma mtu asiyehusika na ule mradi, aingie nyumba kumi bila kuarifu, aulize swali moja: "Hawa watu walipata nini?" Nyumba saba zikikueleza kwa maneno yao wenyewe, huyo mtafiti mpe alama. Nyumba zote kumi zikikuonyesha kijikaratasi chenye namba, basi nawe andika hivyo kwenye ripoti yako, na mwakani akiomba pesa isomwe mbele yake.

Watafiti wengine watasema hii itawaongezea kazi na gharama. Ndiyo, itawaongezea. Lakini kumtoboa Dana kidole kulikuwa na bajeti, gari jeupe lilikuwa na bajeti ya mafuta, na kwenda kongamano kusoma matokeo mbele ya wageni kuna bajeti ya ndege. Safari moja ya Karungu haiwezi kuangusha sayansi.

Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kaunti zetu mbili zilikuwa zimeegemea sana pesa hizo, hasa kwenye ukimwi. Tuliona wenyewe jinsi mambo yanavyoweza kusimama kwa sahihi ya mtu mmoja aliye mbali. Pesa zikipungua, kuna atakayekaa chini aamue kipi kibaki na kipi kife. Kama hatuna kipimo chetu, atatumia chake.

Na tusimlaumu mgeni peke yake. Sheria yetu ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Hazina ya Taifa itoe asilimia 2 ya pato la nchi kila mwaka kwa Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Hatujawahi kufika hapo. Mgeni akilipa, mgeni anauliza swali, na jibu linaenda kwa aliyelipa. Wabunge wetu na wawakilishi wadi wakija kuomba kura, baada ya barabara na maji waulizwe na hili.

Mimi sina digrii ya sayansi. Nina simu, bando, na Dana. Wiki jana alinipigia akaniambia kuna vijana wengine wamepita kijijini, wana makoti ya bluu, wanaandikisha watu kwa utafiti mpya. Nilidhani atasema amekataa. Hapana, amekubali. Anasema huenda ikawasaidia watoto wa watoto. Ila safari hii, kabla hajatoa kidole, alimuita kiongozi wao akamuuliza jina lake, namba yake ya simu, na mwezi gani atarudi na majibu. Kijana akaandika vyote nyuma ya kadi.

Viko ndani ya mkebe. Mwezi huo ukifika, nitakuwa Karungu.